Kasema harudi

Siku ya mwisho, nikiwa nimeshafunga kisanduku cha fidla na mkoba uko begani, mtoto mmoja wa darasa la tatu alinizuia mlangoni. Hakunisalimia. Mkononi alikuwa na kipande cha chaki, na shati lake limechomoka upande mmoja.

"Mwalimu, utarudi lini?"

"Inshallah," nikamwambia. "Tutaonana, inshallah."

Akaendelea kunitazama kama mtu aliyeuliza bei akajibiwa habari za hali ya hewa. Mwenzake aliyekuwa nyuma yake, mfupi kumshinda, akamvuta mkono na kumfasiria:

"Kasema harudi."

Wakakimbilia uwanjani.

Hii ni wiki ya saba tangu siku ile. Nimepiga kwenye harusi mbili na hoteli tatu, nimebadilisha nyuzi, nimeugua mafua nikapona. Maneno yale mawili bado yanakuja usiku ninapozima taa. Basi leo nayaandika, labda yatatulia.

## Fidla sita, watoto 64

Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi kuuelezea. Wapiga muziki wawili, mimi na fidla yangu, mwenzangu na udi wake, kila Jumatano kwa wiki sita, kwenye skuli moja ya msingi huko shamba, kusini mwa Unguja. Waliotulipa nauli walitaka watoto "waonje muziki wa klasiki." Karatasini iliandikwa hivyo hasa, waonje. Nikatia saini bila ya kuuliza anayeonjeshwa hushiba lini.

Siku ya kwanza nilibeba fidla sita ndogo za watoto, za kuazima. Mbili nilizipakata, nne zilikaa juu ya gunia la mchele la abiria mwengine, ambaye kila gari likiruka shimo aliniuliza kama zile ni bunduki.

Hesabu sikuifanya kabla. Niliifanya nikiwa nimeshasimama mbele ya darasa, na jasho linanitoka. Kipindi ni dakika 40. Fidla sita kwa dakika 40 ni dakika 240 za fidla. Zigawe kwa watoto 64, kila mmoja anapata dakika tatu na robo tatu. Toa muda wa kupokezana, wa kuweka kidevu, wa "si hivyo, hivi," wa kumtuliza anayesukuma foleni. Inabaki dakika moja kwa mtoto, na dakika moja ya fidla kwa asiyewahi kuishika ni mlio wa paka aliyekanyagwa mkia, basi.

Mtoto wa mwisho kwenye foleni alipewa fidla kengele inalia. Akaitazama, hakuipiga, akanirudishia kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha sahani ya jirani ikiwa tupu.

Picha ya siku ile ni nzuri mno. Watoto sita, fidla sita, vichwa vimeinama upande mmoja kama miwa kwenye upepo. Ndiyo iliyokwenda kwenye ripoti. Ukiiona utadhani tulianzisha okestra.

Wiki ya pili fidla ndogo zilibaki mjini.

## Hiyo ABC!

Tulikubaliana, mimi na mwenzangu, kwamba kama hatuna ala za kutosha basi tuna masikio 128. Watoto watasikiliza, watapiga makofi, wataimba, watajibu. Nikachagua kuanza na wimbo mwepesi wa zamani wa Wafaransa, ule ambao Mozart aliuchukua mwanzoni mwa miaka ya 1780, alipokuwa Vienna, akautungia vibadala 12 vya piano. Maana ya kibadala hapa ni wimbo ule ule uliovishwa nguo nyengine: mara una haraka, mara una huzuni, mara umejaa madoido mpaka uso wake hauonekani.

Sijamaliza mstari wa pili, darasa zima likaripuka.

"Hiyo ABC!"

Wakaniimbia alfabeti ya Kiingereza mpaka Z, kwa nguvu zote, na waliposhuka mwisho walishuka na fidla yangu sawasawa. Walijifunza sauti hiyo chekechea. Hakuna aliyewaambia kwamba imepitia kwa Mozart, na kwao haikuwa na haja ya kupitia kwa mtu.

Basi tukaifanya mchezo. Safu ya kwanza waipige makofi. Safu ya pili wainong'one. Safu ya tatu waiimbe ya mtu aliyechelewa gari. Safu ya dirishani waiimbe ya mtu aliyekula halua peke yake na amejificha. Hiyo ya halua nimeshafikiria kuiiba.

Mvulana mmoja akanyoosha mkono. "Kwa hivyo huyo Mozart kaiba wimbo wa watu?"

Mwenzangu wa udi, mtu asiyesema sana, akajibu bila ya kunyanyua kichwa: "Kaazima mmoja, karudisha 12."

Nilirudi mjini jioni ile nimefurahi, na pia nimejiandaa kufurahi zaidi. Nilijiambia: kama ya Wazungu imepokewa hivi, subiri nije na yetu.

## Ya kwenu hii

Wiki ya tatu nilishusha nyuzi za fidla, nikazifunga sol-re-sol-re kama wafungavyo Waarabu. Mwenzangu akaupandisha udi sauti, tukamchukua na kijana wa kupiga ngoma ya dumbaki. Tukapiga kipande cha bashrafu. Wanaoijua taarabu asilia wanajua bashrafu inavyofanya: haina maneno, inatembea taratibu, inakwenda mbali kisha inarudi kwenye kituo chake, inakwenda tena, inarudi. Ndiyo iliyonifanya mimi, msichana wa miaka 14, niingie mlango wa chuo cha muziki pale kwenye jengo la Forodha ya zamani, miaka michache tu baada ya chuo kile kuanza 2002, nikisema nataka ile inayolia, sijui jina lake.

Hotuba ilikuwa tayari kinywani. Tulipomaliza nikauliza: "Nani anaujua muziki huu? Huu wa kwenu."

Kimya.

"Ya bibi," akasema mmoja.

"Bibi yako anaipiga?"

"Bibi wa redioni."

Hakuna aliyecheka, kwa sababu hakukuwa na mzaha. Watoto wale wanaijua singeli, wanaijua bongo fleva kuliko mimi, wanazijua kaswida za chuoni neno kwa neno, na beni ikipita na harusi wanaifuata mpaka mwisho wa kijiji. Lakini bashrafu ilikuwa mbali nao kuliko Mozart, ambaye angalau alikuja ndani ya ABC.

Hapo ndipo shaka ya kwanza iliponiingia. Kila mtu wa Unguja amesimuliwa jinsi Sultan Barghash alivyompeleka Mohammed Ibrahim Misri akajifunze kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi; hadithi hiyo siirudii. Ila mimi nimeisikia maisha yangu yote kama hadithi ya jinsi tulivyopata kilicho chetu, na siku ile, mbele ya macho yale yasiyo na jibu, niliisikia kwa mara ya kwanza kama hadithi ya mgeni. Kanuni ilishuka bandarini haijui Kiswahili. Barghash alitawala kuanzia 1870 hadi 1888. Ikhwani Safaa waliunda nadi yao, chama cha taarabu, 1905. Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi 1928, na sauti iliyotoka kwenye santuri zile ilikuwa ya mwanamke wa Fumba anayeimba Kiswahili. Hesabu miaka hiyo. Kutoka muziki wa jumba la mfalme mpaka muziki wa mtu wa kawaida kuna umri wa mtu mzima, na katikati yake kuna watu waliokaa nao kila siku, wakaushona na lugha yao mpaka mshono haukuonekana.

Mimi nilikuwa na Jumatano sita. Tatu zilikwisha.

## Mzazi kaja

Kabla ya kutoka skuli siku hiyo, mwalimu mkuu akaniita ofisini. "Mzazi kaja," akasema, kwa sauti ile ambayo kila mwalimu anaijua.

Alikuwa mzee wa kanzu na kofia ya mkono, amekaa wima, fimbo baina ya magoti. Babu wa mtoto mmoja wa darasa letu.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Za mjini?"

Tukaulizana yote yaulizwayo. Kisha akasema: "Nasikia leo mlikuwa na taarabu."

Nikaanza kujitetea haraka. Kwamba ni asilia, mzee, si ya mipasho. Kwamba haina hata maneno. Kwamba ni historia. Akanisubiri mpaka nikaishiwa.

"Wiki iliyopita mlipiga ya Wazungu," akasema. "Hiyo nilisikia pia. Sikuja."

Nikanyamaza.

"Ya Wazungu itabaki hapa skuli. Hii itanifuata nyumbani."

Hakukasirika. Hakuniambia mimi ni mtu mbaya. Suala la ala na dini lina wenye elimu yao na kauli zao, na mimi si mmoja wao. Tuliafikiana kwamba mjukuu wake atakaa nje ala zinapopigwa, na ataingia kwa makofi na kuimba. Tukaagana vizuri, akaniombea safari njema.

Lakini nilipanda gari nikiwa nimepigwa mahali. Nilimwona kama kizuizi nilipoingia ofisini. Nilipotoka nilijua kwamba katika kijiji kile chote, wiki ile, yeye peke yake ndiye aliyeichukulia taarabu kuwa kitu chenye nguvu. Mozart alipita kama mzigo usiotozwa ushuru, maana hakuna aliyedhani una kitu ndani. Ya kwetu ilifunguliwa na kukaguliwa. Watoto walisema ni ya bibi wa redioni. Mzee alisema itamfuata nyumbani. Baina ya hao wawili, nani aliyekuwa ameusikia muziki?

Jumatano iliyofuata mjukuu alikaa chini ya mwembe, hatua kumi kutoka darasani. Ukuta wa darasa lile ni wa matofali ya matundu. Alisikia kila kitu. Sikujua nicheke au niaibike, na mpaka leo sijaamua. Baadaye tulipanga kipindi upya: nusu ya mwanzo makofi na sauti tupu, darasa zima pamoja, ala zikaja mwishoni, kwa muda mfupi. Ningekuwa na akili ningeanza hivyo.

## Kampiga kijembe

Wiki ya nne niliwapelekea hadithi ya Haydn, mtunzi wa zamani wa Ulaya. Nimesimuliwa hadithi hiyo na walimu wangu wa Ulaya zaidi ya mara moja, na siku zote husimuliwa kama kichekesho kizuri cha watu wastaarabu.

Nikawaambia: mwaka 1772 kulikuwa na bwana mkubwa tajiri, Nikolaus Esterházy, na huyu alikuwa na wapiga muziki wake wa kuajiriwa, kama mtu alivyo na wapishi. Kila msimu wa joto aliwachukua kwenye kasri lake la mashamba, Eszterháza, mbali na mji wa Eisenstadt walikoacha wake na watoto. Mwaka ule bwana akanogewa, hataki kurudi. Wiki zikapita. Wapiga muziki wakamwendea mkubwa wao, Haydn: tufanyie jambo. Haydn akatunga simfonia, yaani kipande kirefu cha okestra, ya 45 katika hesabu ya simfonia zake. Ilipofika mwisho, badala ya kishindo, ikawa polepole. Mpiga ala mmoja akamaliza sehemu yake, akazima mshumaa wake, akachukua ala yake akatoka. Akafuata mwengine. Na mwengine. Mpaka wakabaki wapiga fidla wawili, gizani, wanapiga kidogo kidogo. Nao wakanyamaza.

Bwana akaelewa. Siku ya pili wakafungasha.

"Kwa nini wasimwambie tu?" akauliza mvulana wa mbele.

Nilikuwa nafungua mdomo kujibu. Msichana mmoja wa safu ya dirishani, ambaye kwa wiki nne sijamsikia sauti, akageuka akamjibu yeye, kwa dharau ya mtu mzima:

"Utamwambia vipi bosi wako? Kampiga kijembe!"

Darasa likaanguka kicheko. Mwenzangu akauweka udi chini.

Nimeishika fidla miaka 18. Nimesoma habari za mtindo, za muundo, za ufunguo, yaani ngazi ya sauti, aliouchagua Haydn na kwa nini ni mgumu. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba Haydn alimpiga bwana wake kijembe. Lakini ndicho alichofanya! Mkubwa haambiwi usoni. Unaimba, watu wote wanasikia, anayehusika anajijua, na akikuuliza unasema mimi naimba tu. Bibi zetu wamefukuzana mitaa kwa ufundi huo. Kila mwanamke aliyewahi kunyanyuka na noti mkononi kwenda kumtunza mwimbaji kwenye beti fulani, huku anamtazama mtu fulani, anaielewa Simfonia ya 45 kuliko mimi.

Nilikuwa nimezigawa wiki zangu: hizi za Wazungu, hizi za kwetu. Mtoto wa miaka tisa alizichanganya kwa maneno mawili, na mimi nilikuwa bado nina hotuba.

Tukaanza kuifanya. Ile sehemu ya mwisho inaishia kwenye ufunguo mbaya kwa udi, hauna uzi hata mmoja wa wazi unaokusaidia, tukaipandisha nusu hatua ikatua kwenye sol. Watoto walishika pigo kwa makofi, kila safu na lake, na kila mtoto alinyanyua kidole kimoja: huo ndio mshumaa. Safu ikimaliza, wanapuliza vidole, fuu, wanatoka nje kwa kunyata. Mjukuu wa mzee alikuwemo, safu ya tatu, na alipuliza kidole chake kwa bidii kuliko wote.

## Mvua ya vuli

Mwalimu wao nilikuwa nimemsahau. Nakiri. Wiki nne alikaa nyuma ya darasa na rundo la madaftari, anasahihisha hesabu, na mimi moyoni nilimhukumu: watoto wake wanamgundua Haydn, yeye anatia vema na makosa.

Wiki ya tano gari letu liliharibika njiani, hatukufika. Wiki ya sita, ya mwisho, niliingia nikiomba radhi, nikitaraji kwamba wamesahau kila kitu.

Wakafanya mshumaa tangu mwanzo hadi mwisho bila ya mimi kunyanyua mkono. Na haukuwa ule niliouacha. Safu zilikuwa zimepangwa upya. Makofi yalikuwa yanapungua sauti kadiri watu wanavyotoka, jambo ambalo mimi nilikuwa sijawafundisha, nilikuwa nimelitamani tu. Mwalimu alikuwa ameuchukua mchezo akaufanyia jedwali la saba: safu inasema saba mara moja, saba mara mbili, ikimaliza inapuliza na kutoka. Watoto wanaochelewa kushika aliwahamishia safu za mwisho, wasikie mara nyingi kabla ya zamu yao kufika.

Nilimwendea baada ya kipindi. Nikamwambia hilo la kuhamisha safu sikulifikiria kabisa.

"Mimi hawa n'nao kila siku, mdogo wangu," akasema. Akafunga daftari. "Nyinyi hamna ubaya. Mnakuja kama mvua ya vuli. Walikuja wa meno, wakaja wa mazingira, wakaja wa kompyuta wakaondoka na kompyuta zao. Wote wanapiga picha. Mvua inanyesha, mtu anafurahi. Lakini anayelima nani?"

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayekwambia gari la mwisho linapita saa kumi na moja.

Kisha nikafunga kisanduku, nikaenda mlangoni, na mlangoni mnajua kilichonipata.

Ndipo ninapokwama kila usiku. Wiki ya nne na ya sita niliwafundisha watoto sanaa ya kusema jambo bila ya kulisema. Nikawasifu kwa kulifumbua fumbo la Haydn. Kisha mtoto akaniuliza swali la wazi, nami nikamjibu kwa fumbo. Mwenzake akalifumbua palepale, sahihi kabisa, kama nilivyomfundisha.

## Kitoweo

Huu utaratibu wa kupeleka wasanii madarasani umestawi zaidi Marekani. Kule Baltimore, jumuiya ya Young Audiences ilianza 1950 kwa kuwaweka wapiga muziki mbele ya watoto wa skuli, na baadaye mwongoza okestra Leonard Bernstein akawafikishia watoto muziki kwa televisheni, kuanzia 1958 mpaka 1972. Siubezi. Lakini skuli yenye mwalimu wake wa muziki, anayewashika watoto mwaka mzima, msanii akija kwake ni kitoweo juu ya wali. Sisi tunapelekwa mahali pasipo na wali, tunaambiwa tuwe kitoweo, na kwenye ripoti inaandikwa kwamba watu wamekula. "Wanafunzi 64 wamefikiwa." Neno hilo kufikiwa linanikera. Hata barua ya madai humfikia mtu.

Namfikiria mtunzi Vivaldi pia. Husifiwa kwa tungo zake, lakini kazi yake ilikuwa ualimu wa fidla kwenye nyumba ya wasichana yatima Venice, kuanzia 1703. Bodi ilikuwa inampigia kura kila mwaka. 1709 akakosa, akaondoka, 1711 wakamrudisha. Wasichana wale walikuja kuvuta wasafiri kutoka pembe zote za Ulaya kuwasikiliza. Mwalimu hakuwa mvua. Alikuwa pale, analipwa, anagombana na bodi.

Wazee wetu walimwekea mgeni mpaka: siku mbili ni mgeni, ya tatu mpe jembe. Mimi nilikaa Jumatano tano za kweli na sikupewa jembe, kwa sababu hakuna aliyedhani nilikuja kulima, na mimi mwenyewe sikuliomba.

Najua majibu ya upande wa pili, nimejipa mwenyewe kitandani. Kwamba dakika moja inaweza kumwamsha mtoto mmoja. Kweli, mimi mwenyewe niliamshwa na redio ya dukani. Kwamba bora kidogo kuliko hakuna. Hili sina hakika nalo tena. Mtoto aliyenirudishia fidla bila ya kuipiga, alipata kidogo au alipata hakuna?

## Jumamosi

Wiki ya tano ya kukosa usingizi nilimwandikia mwalimu. Niliandika ujumbe mrefu, wa kuomba radhi na kupendekeza, nikaufuta, nikaandika mfupi: naweza kuja tena darasani?

Akanijibu kwa sauti. Nyuma yake kuku wanalia na mtu anatwanga.

"Darasani usije. Kipindi changu nakihitaji. Njoo Jumamosi nyumbani unifundishe mimi. Na hiyo fidla uiwache."

Nimekwenda Jumamosi mbili. Nauli natoa mfukoni, ya mwenzangu pia, hakuna karatasi ya kutia saini. Tunakaa barazani. Fidla moja ndogo imebaki kwake, na mwenye mali anadhani bado ipo kwangu, hilo nitalimaliza. Mwalimu ana vidole vizito na sikio zuri kupita kiasi, mchanganyiko unaomtesa, kwa sababu anasikia kila kosa analofanya. Ameshaniuliza maswali ambayo wanafunzi wangu wa mjini hawajaniuliza: mtoto mwenye kusikia vibaya upande mmoja nimkalishe wapi? Makofi tupu yanaweza kwenda muhula mzima bila ya kuchosha? Mzee yule akiletewa dufu badala ya dumbaki atasemaje? Hilo la mwisho alilijibu mwenyewe: "Atakuja kuwasahihisha."

Wasiwasi wangu haujaisha. Mwalimu anaweza kupata uhamisho kesho. Mwakani darasa hili litakwenda kwa mwalimu mwengine na yeye atapokea wapya. Fidla ni moja.

Jumamosi iliyopita, tukiwa katikati ya mazoezi, yule mtoto wa mlangoni akapita na tairi lake. Akasimama. Akanitazama mimi, akaitazama fidla, akamtazama mwalimu wake aliyekunja uso juu ya nyuzi.

"Si ulisema hurudi?"

"Nilisema inshallah."

Akalifikiria hilo. "Umekuja kutufundisha?"

"La. Nimekuja kwa mwalimu wako."

"Aaa," akasema, akalisukuma tairi lake, akaenda zake.

Mwalimu hakunyanyua kichwa. Uzi wa pili ulikuwa unamkatalia.

"Hebu sikiliza hapa," akaniambia. "Hii iko juu au iko chini?"

Ilikuwa chini kidogo.